Wapangaji wa Mungu

1 Julai, Jumatatu

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mahubiri. Mzee wa kanisa akipangiwa zamu ya mimbari lazima aandike, la sivyo atasimama pale akihema tu. Lakini leo nimekuta rangi nyekundu kwenye miti yangu ya ubani, nami nimeona heri niandike siku kwa siku. Watu wakishagombania ardhi, kila mmoja hukumbuka lake.

Miti yetu iko mwendo wa saa tatu juu ya kijiji chetu, Lumban Rihit. Wanaume tunapanda Jumatatu, tunalala vibandani, tunashuka Ijumaa. Huu ndio mwanzo wa msimu: unakwangua gome, unatoboa kwa patasi, kisha unausubiri mti miezi mitatu utoe utomvu wake. Miti kumi na saba kwenye mpaka wa juu imechorwa msalaba mwekundu. Kampuni ya karatasi inataka kupanda mikaratusi. Inasema serikali imeipa msitu.

Ajabu wamechagua msalaba. Wangeweza kuchora duara.

3 Julai

Mvua. Nimetoboa miti tisa.

7 Julai, Jumapili

Leo ilikuwa zamu yetu ya Mchungaji Dumaria. Ana sharika tano na pikipiki moja, na umri wake ni miaka thelathini na moja. Simpendi sana. Sauti yake nyembamba, na anahubiri kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Alisema Mungu aliwaambia watu wake kwamba nchi ni mali yake, wao ni wageni na wapangaji tu. Mzee Marudut, mkuu wa ukoo wetu na mkubwa wetu kwenye benchi la wazee, alinikanyaga mguu. "Huyu anatuhubiria sisi au kampuni?"

Nje akamkabili. "Mchungaji, kama sisi ni wapangaji, basi tufunge virago?"

"Mpangaji hauzi, Mzee. Na mpangaji hamfukuzi mpangaji mwenzake."

"Babu yangu amezikwa kule juu. Hakuwahi kulipa kodi."

Watu walicheka. Hata mimi. Mchungaji aliwasha pikipiki yake, ikakataa mara tatu.

12 Julai, Ijumaa

Nimeshuka. Kilabuni nimemkuta shemeji yangu Haposan amevaa kofia ngumu ya manjano, anawanunulia watu vikombe vya tembo. Ni kaka mkubwa wa mke wangu Rotua. Kwetu sisi ndugu wa mke ndiye mlango wa baraka. Ukimkosea yeye, mpunga wako utakauka ukiwa shambani. Na Haposan si mtu wa kuchukiwa: ndiye sauti ya chini ya kwaya yetu, na kwa utani wake hata maiti angegeuka.

"Baba Lasma, nitazame. Si nimependeza?"

"Umeivaa ya nini?"

"Mimi ndiye msimamizi wa wakataji. Kuanzia wiki ijayo."

Nilidhani ni mzaha. Nilisubiri acheke. Akanivuta pembeni.

"Sikiliza, shemeji. Wewe una mtoto wa kiume, Sahat. Ukifa, miti yako ni ya Sahat. Mimi nina binti watatu. Nikifa, baba zao wadogo watakuja na kikapu cha samaki, watalia, halafu watachukua miti yote. Mke wangu Masniari atabaki na sufuria. Sasa nilinde nini mimi? Nilinde urithi wa watu wengine?"

"Ni ardhi ya Mungu, Haposan."

"Basi Mungu ailinde. Mimi nalinda ada za shule."

16 Julai

Misumeno ya mashine. Tumeisikia tangu asubuhi, kama nyuki waliokasirika ndani ya chupa. Hadi mchana wamelaza shamba lote la jirani yangu Baba Tiarma na robo ya langu. Mti wa ubani ukianguka haupigi kishindo kikubwa. Unapumua.

Niligusa kisiki kimoja. Utomvu mweupe ulikuwa umeanza kutoka, haujaiva bado. Umenigandia vidoleni, na maji hayautoi.

19 Julai

Sili.

23 Julai, Jumanne

Lazima niandike yote.

Wanawake waliamua kuziba barabara. Walisema polisi hawatapiga mama zao. Walikaa chini kwenye matope pale darajani, wameshikana viwiko, wanaimba nyimbo za Kwaresima kwa sababu ndizo wanazozijua zote bila kitabu. Sisi wanaume tuliambiwa tusimame nyuma ili isionekane ni vita.

Malori mawili ya polisi. Nyuma yao gari la kampuni, na Haposan ndani yake na kofia yake ya manjano.

Ofisa alisema kwa kipaza sauti kwamba wanazuia kazi halali. Ompu Tiarma, yaani bibi yake Tiarma, ambaye hata miaka yake haijui, alisimama akavua kanga yake ya kifuani na kuwaonyesha maziwa yaliyokauka. "Nyinyi mmenyonya wapi? Njooni, pigeni hapa." Kwetu mama mzee akifanya hivyo mwanamume hugeuza uso. Polisi wawili waligeuka kweli. Nadhani walikuwa wa kabila letu. Wengine hawakugeuka.

Mabomu ya machozi yalitua katikati ya wimbo. Nilikimbilia kwenye moshi nikimtafuta Rotua. Nilimwona ananyanyuka akimshika bibi mkono, na nikaona kitako cha bunduki kinakuja kutoka upande, si kwa hasira, kwa utaratibu tu, kama mtu anayesukuma mlango. Kikampata mdomoni. Alikaa chini. Alitema kwenye kiganja chake, akatazama, akafunga kiganja.

Meno mawili. Na mdomo umepasuka hadi puani.

Nilipoinua macho Haposan alikuwa ameshuka garini. Alikuwa hatua ishirini tu. Alimwona dada yake. Alisimama palepale, mkono mmoja juu ya mlango wa gari, na hakusogea.

24 Julai

Rotua hawezi kula ila uji. Nimemuuliza kama anataka nimpeleke mjini. Akatikisa kichwa. Nimemwambia nitamuua kaka yake. Akanitazama kama mtu anayesikia mvua ya mbali.

28 Julai, Jumapili

Wamekuja kanisani. Tuko kwenye sala

9 Agosti, Ijumaa

Sentensi ile sikuimaliza na sasa sina haja nayo. Polisi waliingia wakati wa sala na kuwachukua wanaume kumi na mmoja, wengine wakiwa bado wamefumba macho. Tuliwekwa chumba kimoja kituoni. Walitaka tusaini kwamba tumechoma kibanda cha kampuni. Kibanda kweli kilichomwa. Sijui nani alikichoma.

Walinipiga nyayo kwa bomba la maji. Waliniuliza cheo changu kanisani, nikasema mzee wa kanisa. Kijana mmoja akacheka: "Basi sali, Mzee," akanikanyaga vidole vya mkono huku nikisali. Nilisali kweli. Nilifika kwenye kuwasamehe wadeni wetu nikanyamaza. Kijana akasema, "Endelea." Sikuendelea, na hilo lilinigharimu ukucha wa kidole cha kati.

Baba Tiarma alikojoa damu siku nne. Ametoka pamoja nami leo, lakini anatembea kama mtu aliyebeba yai.

Mchungaji Dumaria ndiye aliyekuwa akituletea wali, kila siku, kilomita arobaini na ile pikipiki yake. Sikuwa nimemdhania hivyo. Alikaa nje ya geti hadi walipomruhusu. Siku ya sita askari alimmwagia chakula chini. Baba Tiarma alituambia alimwona kupitia dirisha: aliinama akaokota wali, punje kwa punje, akaurudisha kwenye kopo, akasema, "Wataula tu."

11 Agosti, Jumapili

Barua kutoka kwa wakubwa wa kanisa mjini, isomwe katika sharika zote. Mchungaji aliisoma. Inasema Mkristo ni msafiri, mji wake uko mbinguni, wala asing'ang'anie mali ya dunia hii hata kuvunja amani. Inasema tuombee wote wenye mamlaka.

Alipofika mwisho aliikunja. "Hiyo ni barua," akasema. "Nimetumwa niisome, nimeisoma. Sasa mimi nasema hivi: aliyeandika anakaa katika nyumba yenye hati." Akateremka mimbarani. Hayo ndiyo yakawa mahubiri yote.

17 Agosti

Sikukuu ya uhuru. Kampuni imeleta bendera mpya na mfuko wa peremende za watoto.

18 Agosti, Jumapili

Zamu yangu ya kuhubiri. Mzee Marudut alikuja jana kunisaidia kuandaa. Alisema, "Usituletee wapangaji wala wasafiri. Tuletee watu waliovuka mto na kupewa nchi. Waliipataje? Kwa kupiga hodi?"

Nilisimama na nyayo zangu zilizovimba na nikahubiri upanga. Nilisema Mungu akiupa ukoo nchi, anaupa na mkono wa kuishika. Nilisema kuna wakati wa kulia na wakati wa kuacha kulia. Sikuwahi kuhubiri hivyo maishani. Watu waliitikia kwa kupiga miguu sakafuni hadi vumbi likapanda. Nilijisikia mrefu.

Rotua alikuwa amekaa na leso mdomoni. Wimbo wa mwisho hakuimba. Hewa inapita penye pengo, anaona haya.

Mchungaji, ambaye nilidhani hakuwepo, alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi. Alinipa mkono. "Umehubiri kwa nguvu, Baba," akasema. "Ila waliokuwa wakikaa katika nchi ile kabla, wao walikuwa wapangaji wa nani?" Nilidhani ananionea wivu.

26 Agosti

Wamekata hadi kwenye kijito.

27 Agosti

Mvua.

2 Septemba

Mvua. Baba Tiarma amefariki asubuhi. Figo, kasema daktari. Karatasi inasema ni ugonjwa wa siku nyingi.

4 Septemba

Tumemzika. Haposan alikuja akasimama nje ya ua, kofia ameiacha nyumbani. Mzee Marudut alimtemea mate kwenye viatu. Haposan alivitazama viatu vyake, akasema, "Asante, Mzee, vilikuwa na vumbi." Hakuna aliyecheka. Aliondoka.

12 Septemba, Alhamisi

Jana nilimuua Haposan.

Nimeiandika sasa, na imekaa kwenye karatasi kama sentensi nyingine yoyote.

Tulipanda mimi na Mzee Marudut. Wengine walikuwa wanalinda barabara. Mvua ilikuwa nyembamba lakini haikatiki, na chini ya mvua ile tukasikia msumeno mmoja upande wa chini wa shamba langu, kwenye miti niliyoigema Julai. Marudut alisema, "Ni mmoja tu. Wengine watakuwa wanakula."

Alikuwa peke yake kweli. Wakataji wake walikuwa juu kwenye turubai, tuliona moshi wao. Miti mitatu ilikuwa imeshalala. Aliponiona hakuzima mashine, aliipunguza tu.

"Rudi nyumbani, shemeji. Upande huu nimeachiwa mimi nimalize kabla ya saa nane."

"Miti hii ina utomvu ndani. Imebaki mwezi mmoja."

"Najua. Mimi si mjinga wa ubani. Nimewaomba mwezi, wamekataa."

"Umewaomba?"

"Mara mbili. Wakaniambia kama siwezi, yuko mwingine." Akapangusa mvua usoni. "Weka hilo panga chini. Umelishika kama mwanamke anayeparua samaki."

Huo ulikuwa utani wake wa kila siku. Angenitania hivyo mwaka jana, ningemrushia ganda la ndizi. Lakini machoni nilimwona tena amesimama na mkono juu ya mlango wa gari, na Rotua akitema kwenye kiganja. Nilisema, "Ulimwona." Akajua ninasema nini, kwa sababu uso wake ulibadilika, akafungua mdomo kunijibu. Sikumwachia ajibu. Nilipiga mara moja, kwa makali, kati ya shingo na bega.

Alikaa chini, kama dada yake alivyokaa. Mashine ilianguka ubavuni ikawa inaunguruma na kutafuna matope. Damu haikuruka kama watu wanavyosimulia. Ilikuja kwa mawimbi, ikachanganyika na mvua na kuteremka kwenye mfereji mdogo kati ya mizizi, na pale chini ikatoweka. Nilitazama ikitoweka. Sikuwahi kujua ardhi ina kiu kiasi kile.

Nilimshika. Nilikandamiza jeraha kwa shati langu. Alikuwa ananitazama bila hasira, kama mtu aliyesumbuliwa na kelele.

"Zima mashine," akasema. "Mafuta yanaisha."

Nilimwacha nikaenda kuizima. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda.

Mzee Marudut hakupiga kelele wala hakusali. Aliokota majani, akafuta panga langu. "Msumeno umemrukia," alisema. "Umegonga fundo la mti ukamrukia. Umesikia, Jintar? Hatukuwepo. Tumesikia ukelele, tukakimbilia, tukamkuta hivi." Kisha akaiwasha ile mashine. Nilidhani amechanganyikiwa. Akainama nayo juu ya Haposan. Niligeuka, lakini masikio hayana kope. Alipomaliza, jeraha lilikuwa limefanana na uongo wetu.

14 Septemba, Jumamosi

Mazishi. Mume wa dada ndiye mtumishi katika msiba wa shemeji yake: anachota maji, anapasua kuni, anachinja, anagawa nyama kila ukoo fungu lake. Nimefanya yote. Nilimchinja nguruwe kwa mkono huu huu na kukinga damu kwenye beseni, na hakuna tone lililomwagika, wazee wakanisifu.

Masniari, mjane wake, alinifuata jikoni. Ni mwanamke mfupi, mkavu, hasemi sana. "Baba Lasma, watu wengi wamekataa kuja. Wewe umekuja na umefanya kazi tangu alfajiri. Mungu akuone."

Akaniwekea wali.

Niliula wote.

22 Septemba, Jumapili

Kampuni imeondoa mashine. Magazeti ya mjini yameandika juu ya vifo vile viwili na juu ya meno ya Rotua, na kutoka mji mkuu wametuma neno kwamba kazi isimame hadi mipaka ipimwe upya. Kengele ya kanisa imepigwa nusu saa. Mzee Marudut alinishika bega mbele ya watu. "Bwana ametupigania," akasema, na vidole vyake vikanibana.

30 Septemba

Nimepanda. Ubani umeiva mapema kuliko mwaka wowote. Vipande vikubwa kama meno ya farasi.

1 Oktoba

Siwezi kuvuna. Nimekaa kibandani.

2 Oktoba

Vilevile.

13 Oktoba, Jumapili

Mchungaji Dumaria alihubiri juu ya yule ndugu aliyemwita ndugu yake kondeni. Alisema tunadhani hadithi ile ni ya watu wawili, lakini wako watatu: wa tatu ni ardhi. Ilifumbua kinywa ikapokea damu, na tangu hapo ikakataa kumpa muuaji nguvu zake. Alisema, "Tumelia msimu mzima kwamba ardhi ni takatifu. Vizuri. Kitu kitakatifu hakichafuliwi na adui peke yake."

Alikuwa anasema juu ya Baba Tiarma na polisi. Nina hakika hakujua. Lakini mimi niko benchi la mbele, linalotazamana na watu wote, na jasho lilinitoka hadi likadondoka kwenye kitabu cha nyimbo. Mzee Marudut kando yangu alikuwa anaitikia amina kwa sauti.

14 Oktoba

Nilimngoja Mchungaji njiani asubuhi, akienda usharika mwingine. Nilimwambia palepale, pikipiki ikiwa bado inaunguruma. Aliizima. Alikwenda kando ya barabara akatapika kwenye majani. Aliporudi nilidhani ataniambia msamaha au jehanamu.

"Kwa nini unaniletea mimi kwanza?" alisema. "Si mimi niliyefiwa. Mpelekee mkeo."

"Wataichukua ardhi, Mchungaji. Nikisema, kampuni itasema sisi ni wauaji. Itarudi."

"Huenda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, Baba." Alikuwa analia kwa hasira, kama mtoto. "Nilisema mpangaji hamfukuzi mwenzake. Nilidhani nasema juu yao."

15 Oktoba, Jumanne

Rotua alikuwa anamenya viazi vitamu. Nilikaa mbele yake nikasema yote, pamoja na la mashine. Hakuacha kumenya. Alipomaliza kimoja alichukua kingine, na kile cha pili alikimenya hadi kikaisha, yakabaki maganda tu.

"Alikuwa amekupa mgongo?"

"Hapana. Alikuwa ananitazama."

"Basi alikuona ni wewe."

Kisha akasema, na hewa inapita penye pengo, "Siku ile ya darajani alikuja jioni. Wewe ulikuwa kwa Marudut. Aliniletea dawa ya kusukutua na maziwa ya kopo. Alipiga magoti hapo ulipokaa. Aliniambia, 'Dada, miguu ilikataa. Niliiambia iende ikakataa.' Alinisihi nisikwambie, maana ungemdharau."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umesema utamuua. Nilidhani ni maneno."

Akaweka kisu chini, akachukua kanga yake, akaenda kwa Masniari.

19 Oktoba

Hajarudi. Kijiji kinajua. Mzee Marudut amekuja na wazee wawili. Kwanza alinibembeleza, kisha akapiga meza. "Umetuuza! Ukifungua mdomo polisi watanichukua mimi pia, na mashine zitarudi wiki hiyo hiyo. Unataka kutakasa roho yako kwa mali ya watu mia mbili?"

Nilimwambia nitasema langu, na lake atalisema mwenyewe. Nikamwambia na jambo la pili, ambalo nililiwaza siku nne: sehemu yangu ya msitu naikabidhi kwa binti za Haposan. Sahat nimeongea naye kwa simu. Alilia, kisha akasema sawa.

Marudut aliniangalia kama nimetapika mezani. "Wanawake? Ardhi ya ukoo kwa wanawake? Wataolewa, itakwenda kwapani mwa mwanamume mwingine!"

"Zamani mabinti watano walimwendea Musa wakadai fungu la baba yao, na Mungu akasema wana haki. Umelisoma hilo, Mzee. Mimi nimelisoma mara tatu wiki hii."

"Mjane atawauzia kampuni kesho asubuhi!"

"Huenda," nikasema.

25 Oktoba, Ijumaa

Rotua alituma neno: Masniari anataka kuonyeshwa miti.

Tulipanda wawili tu. Yeye mbele, panga la mumewe mkononi, mimi nyuma nikimwelekeza. Kibandani hakutaka kupumzika. Nilimwonyesha mpaka wa chini, jiwe la kwanza, kijito, miti mizee na miti michanga. Aligusa kila mti kwa kiganja.

Kisha akasema, "Wapi?"

Nilimpeleka. Visiki vitatu vilikuwa vimeshaota ukungu. Alitazama mfereji ule kati ya mizizi, mvua ilikuwa imeuosha.

"Piga magoti."

Nilipiga. Nilisikia panga likitoka alani. Niliinamisha kichwa na, Mungu anisamehe, nilipata nafuu, kama mtu aliyefika nyumbani. Niliona viatu vyake vya mpira, na vidole vyake vikikunjuka na kukunjika. Nilianza ile sala. Safari hii nilipita pale nilipokwama.

Muda mrefu ulipita. Ndege mmoja alikuwa analia bondeni.

"Ungependa," alisema. "Naona ungependa sana."

Panga likarudi alani.

"Inuka. Hujanionyesha mwisho wa mpaka."

Tulipanda hadi juu, kwenye visiki vyenye misalaba. Nilimwonyesha jiwe la mwisho. Akakaa juu yake, akapumua, akatazama chini kwenye moshi wa vijiji.

"Usiniulize nitaifanyia nini," akasema.

"Sitakuuliza."

"Nikiuza, ni mimi nimeuza. Nikigema, ni mimi nimegema. Usije ukakaa gerezani ukijisifu kwamba umenipa kitu. Haikuwa yako."

"Ndiyo, shemeji."

"Sasa nishikie ngazi ya kamba. Nataka kuona ubani unavyovunwa. Haposan hakunifundisha, alisema si kazi ya wanawake."

Akapanda. Alivuna vibaya, akivunja vipande, akikata gome zaidi ya inavyotakiwa, na kila nilipofungua mdomo kumsahihisha niliufunga.

28 Oktoba, Jumatatu

Mchungaji amekuja kunichukua kwa pikipiki, anipeleke polisi. Mzee Marudut amefunga milango na madirisha. Rotua alikuja hadi njiapanda, kanga kichwani. Nilidhani hatasema.

"Viazi nitapanda kwenye shamba la chini," akasema.

"Vizuri."

"Sikusubiri wewe. Napanda tu."

Akageuka. Nilimtazama akipita penye matope ya daraja, hadi Mchungaji akaniambia nipande, barabara ni ndefu.